Siti ya karibu na steji iliyonifanya niangalie visogo masaa mawili

Kabla sijajifanya mtaalamu wa hizi mambo nianze na kosa langu mwenyewe. Shoo yangu ya kwanza ya uwanjani, namaanisha uwanja kabisa wa mpira sio ukumbi, nilikata tiketi ya viti vya chini pale kwenye nyasi, katikati, mstari wa ishirini na kitu kutoka mbele. Kwenye ramani ya tiketi nilionekana kama nimekaa mapajani mwa msanii. Nililipa hela ndefu kuliko washkaji wote niliokuwa nao, nikawatambia wiki nzima, wao walikata ghorofa ya pili huko pembeni nikawa nawaita watu wa mbinguni.

Siku yenyewe taa zikazimika, watu wote mbele yangu wakasimama, wengine wakapanda juu ya viti kabisa, simu zote hewani, na mimi na huu urefu wangu wa kubahatisha nikabaki naangalia visogo. Masaa mawili. Msanii niliyemlipia nilimpata kwa mafungu, mara bega, mara ncha ya maiki, mara mkono umepita. Nilipanda kiti na mimi, ila aliyekuwa mbele yangu naye kapanda kiti, kwa hiyo hesabu ikawa ile ile, tofauti ni kwamba sasa naogopa kuanguka.

Tumetoka nje watu wa mbinguni wananiuliza "uliona pale wachezaji wote walivyolala chini wakatengeneza ua?" Ua gani jamani. Mimi sikujua hata kama kulikuwa na wachezaji.

Toka siku hiyo nimekuwa mtu wa kukaa na ramani ya uwanja kama mtu anayenunua kiwanja, na ukoo mzima ukitaka kwenda shoo wananitafuta mimi. Sasa nimechoka kurudia kwa voisi noti, naandika hapa mara moja.

Ila kwanza tuelewane neno, maana Kiswahili chetu hapa kinatuchanganya, jukwaa ni la msanii na jukwaa ni la mashabiki vile vile. Kwenye hii posti nikisema steji ni pale anapoimbia msanii, nikisema jukwaa ni mnapokaa nyie, na kule kwenye nyasi naita chini, basi.

Haya. Jambo ambalo watu wanalisahau ni kwamba uwanja wa mpira haukujengwa kwa ajili ya muziki. Ulijengwa ili watu waangalie kitu kinachotokea katikati, na sehemu ya kuchezea ina urefu wa kama mita 105 na upana wa mita 68. Shoo nyingi steji inawekwa upande wa goli moja, waliokuwa wakae nyuma yake hawauziwi tiketi, na wote waliobaki wanatakiwa wageuze shingo waangalie goli moja. Kwa hiyo mtu aliyekaa nyuma ya goli la pili, ambaye kwenye ramani anaonekana yuko "mbele kabisa ya steji, uso kwa uso", ukweli yupo zaidi ya mita 100 kutoka kwa msanii.

Mita 100 ni nini? Fanya hivi sasa hivi ulipo, nyoosha mkono mbele yako halafu angalia ukucha wa kidole kidogo. Mtu mwenye urefu wa mita 1.7 akisimama mita 100 kutoka kwako anakuwa na ukubwa wa kama sentimita 1 ukimpima kwa huo mkono ulionyooka. Huo ukucha ndio msanii wako. Mita 50 anakuwa sentimita 2, mita 25 anakuwa sentimita 4 hivi, na hapo ndipo macho yangu mimi yanaanza kutofautisha anacheka au anakunja sura. Ukishaijua hii hesabu unaacha kujidanganya kwamba utaona uso, sehemu kubwa ya uwanja haioni uso, inaona skrini. Na wala sio dhambi! Watu wanaona aibu kusema "niliangalia skrini", ila skrini zile kubwa ndio zimefanya shoo za uwanjani ziwe na maana kwa mtu wa nyuma.

Sasa kama utaangalia skrini, basi angalia siti yako inaiona skrini. Hapa ndio wengi wanapigwa. Skrini za pembeni ya steji zinatazama mbele, kwa hiyo ukikaa jukwaa la ubavuni karibu sana na steji, usawa wake kabisa, ile skrini utaiona kama mstari, kama mlango ulioutazama kwa ubavu. Nimekaa huko mara moja, tiketi ziliandikwa kuwa zinaona nusu na bei ilikuwa ya huruma. Na niseme ukweli nilienjoy, niliona vitu ambavyo wa mbele hawavioni, mafundi wanakimbizana na gitaa, msanii anashuka ngazi anafutwa jasho na kubadilishwa koti kwa sekunde kadhaa huku anaendelea kuimba, mpiga ngoma nilimjua mgongo mpaka leo. Ila picha zote za nyuma ya steji, moto, maandishi, sijui sayari zilizokuwa zinazunguka, sikuona hata moja. Kama ni mara yako ya pili kuiona shoo ile ile chukua hizo siti bila kufikiria, ila kama ni mara ya kwanza na ndiyo pekee, utaumia.

Tuje kwenye sauti, maana hapa ndio kuna utamu na watu hawapafikirii kabisa, wote tunanunua tiketi kwa macho halafu tunaenda kusikiliza.

Sauti ina mwendo wa kama mita 340 kwa sekunde hewani, inaonekana ni kasi lakini kwenye uwanja ni kobe. Mita 100 inachukua karibu sekunde 0.3. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde, kwa hiyo mtu wa goli la pili kama angetegemea spika za stejini tu angekuwa nyuma ya wimbo kwa zaidi ya nusu ya pigo. Ndio maana ukikaa juu ukaangalia watu wa chini wanavyopiga makofi unaona makofi yanatembea kama wimbi, wa mbele wanaanza, wa nyuma wanafuata. Hakuna aliyekosea, kila mtu anapiga anavyosikia.

Suluhisho la mafundi sauti ni ile minara ya spika unayoiona imesimama katikati ya watu ikiziba njia za macho (nitairudia hiyo minara, ninayo kesi nayo). Spika za kwenye minara zinacheleweshwa makusudi kwa mitambo, ili sauti yake itoke wakati ule ule sauti ya stejini nayo inapofika hapo, vikutane. Tena mafundi wajanja wanaichelewesha kidogo zaidi, maana sikio letu likisikia sauti mbili zinazofanana linaamini imetoka kule ilikofika kwanza, kwa hiyo unapata nguvu ya spika iliyo jirani yako huku akili inakwambia muziki unatoka kwa msanii kule mbele. Nilipolielewa hili nilikaa kimya dakika nzima aisee.

Na ujue zamani hakukuwa na hiyo raha. Bendi ya The Beatles walipopiga Shea Stadium, New York, Agosti 1965, waliingia watu zaidi ya 55,000 na sauti ilipitishwa kwenye spika za uwanja zile zile za kutangazia mechi za besiboli. Pamoja na mayowe ya mashabiki, wenyewe stejini walikuwa hawajisikii vizuri. Kwa hiyo ukiwa ghorofa ya juu leo unalalamika maneno hayasikiki vizuri, kumbuka kuna watu walilipia kusikiliza mayowe.

Kwa hiyo siti yenye sauti nzuri utaijuaje kwenye ramani? Tafuta mixa. Kwenye ramani nyingi kuna kiboksi pale chini, katikati, mbali kidogo na steji, wakati mwingine hakina jina lolote ni pamekatwa tu viti. Pale ndipo anapokaa fundi sauti, na fundi anapanga muziki kwa masikio yake mwenyewe akiwa amekaa hapo, kwa hiyo unavyozidi kuwa karibu na yeye ndivyo unavyosikia kile anachosikia yeye. Wengi wakiambiwa hivi wanakimbilia kununua viti vya chini nyuma ya mixa. Msifanye hivyo jamani!! Mixa ni kibanda, kina hema, kina mabomba, kina watu wamesimama humo, ukikaa nyuma yake chini utaangalia turubai mwanzo mwisho. Ninachofanya mimi ni kutafuta mixa iko wapi halafu nahama kwa mstari ulionyooka kwenda pembeni mpaka nigonge jukwaa la ubavuni, ghorofa ya kwanza mistari ya juu juu au ghorofa ya pili mistari ya mwanzo. Hapo uko mbali na steji kiasi, umeinuka, skrini unaiona kwa upande kidogo lakini unaisoma, na unaona chini kote, wachezaji, maua yao wanayotengeneza, kila kitu. Hizo ndizo siti walizokuwa nazo watu wa mbinguni. Walikata kwa kubahatisha, mpaka leo wanajifanya walijua.

Besi nayo ina tabia yake. Spika za besi zikipangwa kushoto na kulia, kwenye mstari wa katikati sauti zake zinafika pamoja na kuongezana nguvu, ukisogea pembeni kuna sehemu zinakatana na besi inapungua, hatua chache mbele inarudi. Kuna mafundi wanazipanga mstari mmoja mbele ya steji ili kusawazisha hiyo hali. Mimi binafsi besi ikinisukuma kifua zaidi ya nusu saa naumwa kichwa kwa hiyo katikati kabisa sipapendi, mdogo wangu yeye anaona bila hivyo hajaenda popote.

Sehemu ninayoikataa kabisa ni mistari ya nyuma ya ghorofa ya kwanza, ile ambayo juu yake kuna ghorofa ya pili imekufunika kama kibaraza. Kwenye ramani inaonekana nzuri, ni ghorofa ya chini, bei iko juu. Ukifika unakuta dari ya zege imekata nusu ya juu ya skrini, spika zilizoning'inizwa juu nazo zimekatwa, zile sauti nyembamba za maneno ya wimbo hazifiki vizuri maana haziwezi kupinda kona kama besi, kwa hiyo unasikia dum dum na mtu anaongea ndani ya ndoo. Faida yake ni moja, mvua haikupati.

Sasa kesi yangu na minara. Ramani ya tiketi mara nyingi haioneshi minara ya spika, na hata steji yenyewe huwa imechorwa kienyeji, sio kwa vipimo. Tiketi zinauzwa miezi mingi kabla hakuna hata chuma kimoja kilichofika uwanjani. Kama ziara ya msanii imeshaanza nchi nyingine una bahati sana, ingia mtandaoni tafuta video zilizopigwa na watu wa kawaida sio zile rasmi, zile za mkono unatetemeka, uone steji imekaaje na minara iko wapi. Umbo la steji linabadilisha kila kitu. Bendi ya U2 kwenye ziara yao ya 360° ya 2009 mpaka 2011 waliweka steji yenye miguu minne kama mdudu mkubwa, watu wakakaa kuizunguka pande zote, hapo ushauri wangu wa skrini za pembeni unautupa maana hakuna mbele wala nyuma. Taylor Swift kwenye Eras Tour iliyoanza 2023 alikuwa na njia ndefu inayotoka stejini inaingia ndani mpaka katikati ya watu wa chini, kwa hiyo kuna waliokuwa mbali na steji kubwa ila wakawa naye jirani kabisa sehemu nzima ya shoo. Kukiwa na njia ya hivyo, wa majukwaa ya ubavuni nao wanafaidi, na wale wa mstari wa tano waliolipa mamilioni wanakaa wamegeuza shingo nyuma.

Kitu kingine, siti huwa zinafunguka dakika za mwisho. Waandaaji wanazuia viti kwa sababu hawajui steji na kamera zitaziba wapi, mitambo ikishafungwa wakaona panaonekana vizuri wanaviachia, siku chache kabla au hata siku yenyewe. Nimewahi kupata siti nzuri sana hivyo, ila inahitaji roho ngumu, mimi siku tatu hizo nilikuwa nashika simu kama nasubiri majibu ya mtihani.

Namba za mistari usiziamini haraka haraka. Kuna viwanja mstari wa A ndio wa mbele, kuna viwanja mbele ya A kuna AA, kuna vingine AA inakuja baada ya Z huko juu kabisa, na ukidhani AA ni mbele utapanda ngazi mpaka uone ndege kwa chini. Mstari wa kwanza wa ghorofa ya juu nao una mtego, kuna reli ya usalama na ukikaa inapita machoni pako sawasawa, kwa mfupi kama mimi ni steji imepigwa mstari katikati kama imefutwa kwenye daftari. Nachukua kuanzia wa nne au wa tano. Siti ya kwenye njia ni nzuri ukiwa mtu wa kwenda chooni, ila jua utakuwa mlinzi wa geti, kila anayetoka anakukanyaga.

Na ghorofa za juu zina mwinuko mkali, watu hawasemi. Nilimpeleka mama yangu, mtu wa magoti yake, nikamkatia juu kwa sababu nilishajiona bingwa wa ramani, mwonekano safi, sauti safi. Sikufikiria ngazi. Alipanda anapumzika kila baada ya ngazi kumi, tulipofika akakaa akanishika mkono akaniambia "mwanangu mimi siinuki hapa mpaka watu wote waondoke." Na kweli hakuinuka, nyimbo zote alizozipenda aliimba amekaa, ameshika kiti kwa mkono mmoja. Siku hizi nikimkatia mtu mzima naangalia kwanza mlango wa kuingilia jukwaani uko ghorofa gani, unaingilia katikati au unaingilia chini unapanda, maana mistari iliyo karibu na huo mlango inakuokoa ngazi nyingi. Na kama mtu ana kigari au hawezi ngazi kabisa, wapigie wauzaji mapema kabla viti vyake havijaisha, usisubiri mlangoni.

Jua na mvua nitapita haraka. Viwanja vingi vimelazwa kaskazini kusini, kwa hiyo shoo ikianza mchana jukwaa la mashariki linapigwa na jua la jioni usoni, la magharibi lina kivuli. Paa linafunika mistari ya nyuma, ya mbele ukija upepo na mvua mnaoga.

Watoto na masikio yao. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba wastani wa sauti kwenye sehemu za burudani usizidi desibeli 100, na huo ni wastani, ukisimama mbele ya spika unapata zaidi ya mwenzako wa nyuma. Vile vidude vya kuziba masikio vinavyopunguza sauti havinunuliwi na wazee tu, mimi navaa na nasikia maneno vizuri zaidi kuliko bila navyo. Mtoto mdogo mvishe yale makubwa ya kufunika sikio zima na usimweke chini mbele hata kama tiketi umepewa bure.

Sasa hivi tunaandaa nyingine, na mdogo wangu nimemkalisha chini nikamwelezea haya yote, ukucha, mixa, kibaraza, minara, nimemchorea mpaka kwenye karatasi. Kanisikiliza vizuri kabisa akamaliza juisi akasema "sawa dada, nikatie ya kusimama chini." Nikamwambia hutaona kitu. Akasema anajua, anataka kuruka na watu, skrini ataiangalia akichoka. Nikabisha kama dakika kumi hivi halafu nikakumbuka nilivyokuwa mimi umri wake, nikamkatia. Nimemwelekeza tu asiende katikati mbele kwenye msongamano, atafute uzio wa mbele ya mixa aegemee mgongo, hapo hasukumwi kwa nyuma na sauti ni ile ile ya fundi, na akiingia aangalie milango ya kutokea iko wapi kabla taa hazijazimwa.

Mimi na mama tuko ubavuni, ghorofa ya kwanza, mstari wa sita juu ya mlango, ngazi nimezihesabu kwenye video ya mtu ni kumi na mbili. Viatu vya kufunika vidole nimeshamnunulia huyo wa kuruka. Na kwa vile mtandao huwa unakufa watu wote wakitoka kwa pamoja tumekubaliana kabisa tunakutana wapi, nje, nguzo ya kushoto ya geti tulilopangiwa sisi sio lake, na asipotokea ndani ya nusu saa mama kasema anakuja kumtafuta mwenyewe.